Kwa Nini Mtoto Hukohoa Akikimbia, na Dawa ya Pumu Humsaidia Vipi

Simama kando ya uwanja wa shule ya msingi hapa Uasin Gishu asubuhi ya mwezi Julai, nyasi zikiwa bado na umande na walimu wamevaa makoti. Darasa linazunguka uwanja mara mbili. Wakimaliza, wote wanahema, wameinama, mikono magotini. Baada ya dakika mbili tatu kelele zinarudi, wanasukumana na kucheka. Lakini karibu na mlingoti wa goli kuna mmoja ambaye ndiyo kwanza anaanza kukohoa. Ni kikohozi kikavu, cha mfululizo. Wenzake wakipata nafuu, yeye anazidi. Baada ya nusu saa kimekwisha, na akirudi darasani hakuna anayekumbuka.

Mwandishi wa makala haya alikuwa mtoto huyo. Nyumbani nilipewa limau na asali, kisha dawa ya maji ya kikohozi, kisha sweta ya pili. Shuleni nilihesabiwa mvivu, na siku za mbio nikawa mtu wa kushika makoti ya wenzangu. Miaka ilipita kabla ya afisa mmoja wa kliniki kuniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: kikohozi huanza ukiwa unakimbia, au ukishasimama?

Swali hilo lina maana kubwa. Kikohozi cha pumu inayoletwa na mazoezi mara nyingi huanza mtu anapomaliza kukimbia au akishasimama. Hufika kilele kati ya dakika 5 na 10 baada ya kusimama, kisha hupungua chenyewe ndani ya nusu saa hadi saa moja. Wapo ambao kifua hulia kama filimbi, na wapo wanaohisi kama wamefungwa kamba kifuani. Lakini wapo wengi pia, hasa watoto, ambao hawana dalili nyingine ila kikohozi. Hao ndio huambiwa ni baridi, ni mafua, ni vumbi, mpaka wanafika utu uzima.

Kinachotokea kifuani

Mtu aliyetulia hupumua kwa pua. Pua hupasha hewa joto, huitia unyevu na kuichuja kabla haijafika kwenye mapafu. Akikimbia, pua haitoshi. Hufungua mdomo na kuvuta hewa nyingi na haraka, na hewa hiyo hufika ndani ikiwa bado kavu na baridi. Utando wa njia za hewa hulazimika kutoa maji yake ili kuilowesha, nao hukauka.

Kwa mtu asiye na pumu, hilo ni jambo dogo. Kwa mwenye pumu, njia hizo tayari zimevimba kidogo kwa ndani, hata siku anazojiona mzima. Zikikauka, chembe fulani zilizo katika utando huo hutoa kemikali zinazofanya misuli iliyozunguka njia za hewa ikaze. Njia huwa nyembamba, makohozi huongezeka, na mwili hujibu kwa kukohoa.

Hapa kwetu hali hiyo ina mahali pa kujificha. Mji wa Eldoret uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni hadi Agosti ni za baridi. Ukishapita msimu wa mvua huja vumbi la barabara za murram, na wakati wa mavuno vumbi la kupukuchua mahindi. Ongeza moshi wa kuni katika jikoni isiyo na dirisha. Mtoto akikohoa, sababu za kumwambia ni mazingira tu haziishi. Ni kweli mazingira huchochea. Lakini wenzake wanaokimbia naye katika vumbi hilohilo hawakohoi kwa nusu saa nzima, na hapo ndipo mzazi anapaswa kusimama na kujiuliza.

Inhela ya bluu: hufungua njia kwa saa chache

Dawa ambayo wengi wanaijua ni salbutamol, ile ya inhela ya bluu. Kazi yake ni moja: hulegeza misuli iliyokaza njia za hewa. Huanza kufanya kazi ndani ya dakika chache. Mtu akibonyeza mara 2 yapata robo saa kabla ya mazoezi, kwa kawaida humkinga kwa saa 2 hadi 4. Akikohoa baada ya mazoezi na akaivuta, kikohozi hutulia mapema kuliko kama angesubiri kiishe chenyewe.

Kwa sababu nafuu yake huonekana upesi, watu huipenda kupita kiasi. Lakini inhela ya bluu haigusi uvimbe ulio ndani ya njia za hewa. Huo hubaki palepale, tayari kwa kesho. Tena, mtu akiitumia kila siku kwa muda mrefu bila dawa nyingine, mwili huizoea na kinga yake wakati wa mazoezi hupungua. Ile iliyokuwa ikimtosha mpaka mwisho wa mechi huanza kuisha kabla ya mapumziko ya katikati. Mgonjwa hudhani pumu imekuwa kali, huongeza mibonyezo, na mzunguko unaendelea.

Fanya hesabu hii nyumbani. Inhela ya kawaida ya salbutamol ina mibonyezo 200. Mtoto anayebonyeza mara 2 kabla ya michezo, siku 5 kwa wiki, hutumia mibonyezo 10 kwa wiki, kwa hiyo inhela moja ingemfikisha wiki 20. Ikiwa ya kwenu huisha kwa mwezi mmoja, basi anaitumia kwa mambo mengine zaidi ya michezo, pengine usiku mkiwa mmelala. Mwongozo wa kimataifa wa tiba ya pumu, unaojulikana kama GINA, unasema anayemaliza inhela 3 au zaidi za aina hii kwa mwaka yuko katika hatari kubwa zaidi ya kushikwa na pumu kali, na anayefikisha 12 yuko katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Sababu ni kwamba idadi hiyo inaonyesha uvimbe ambao haujatibiwa.

Inhela ya kila siku: ndiyo inayopunguza kikohozi

Inhela ya kuzuia, ambayo mara nyingi huwa ya rangi ya kahawia, ina steroidi kama beclometasone au budesonide. Dozi yake ni ndogo, hupimwa kwa maikrogramu, na huenda moja kwa moja mahali penye shida. Hii ndiyo inayoshusha uvimbe wenyewe. Uvimbe ukishuka, njia za hewa huacha kushtuka kila zinapokutana na hewa kavu. Mtoto hukimbia umbali uleule, katika baridi ileile, na kikohozi kinakuja kidogo au hakiji kabisa.

Tatizo ni kwamba inhela hii haitoi dalili yoyote kwamba inafanya kazi. Ukiivuta leo, kesho utakohoa vilevile. Baadhi ya watu huanza kuona tofauti ndani ya siku chache, lakini kinga dhidi ya kikohozi cha mazoezi hujengeka polepole, kwa kawaida katika wiki 4 za kuivuta kila siku, na kwa wengine huendelea kuimarika hata baada ya hapo. Nimewasikia wazazi wengi wakisema waliijaribu wiki moja, hawakuona kitu, wakaiweka kabatini na kurudi kwenye ile ya bluu. Siwalaumu. Hakuna dawa nyingine nyumbani inayodai subira kama hiyo. Ila mgonjwa aliyeacha baada ya siku 7 hakuijaribu dawa hiyo. Aliionja tu.

Kosa la pili huja mambo yakiwa mazuri. Mwezi wa tatu mtoto anacheza mpira bila kukohoa, mzazi anaona amepona, inhela ya kahawia inaachwa. Uvimbe hurudi kimyakimya katika siku na wiki zinazofuata, na kikohozi nacho hufuata. Dozi inaweza kupunguzwa mtu akikaa vizuri kwa muda wa kama miezi 3, lakini uamuzi huo ni wa kufanya pamoja na mhudumu wa afya.

Tangu mwaka 2019, GINA haipendekezi tena kwamba mtu mzima au kijana mwenye pumu atibiwe kwa inhela ya bluu pekee. Anayehitaji dawa ya kufungua kifua anahitaji pia steroidi ya kuvuta. Kwa wenye umri wa miaka 12 na zaidi ipo pia inhela moja yenye dawa mbili, budesonide na formoterol, ambayo inaweza kuvutwa kabla ya mazoezi au kikohozi kinapoanza. Kwa dozi ileile hufungua njia na kushusha uvimbe. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu. Bei yake bado huwatisha wengi, kwa hiyo muulize mhudumu kama inapatikana na kama inakufaa. Jambo la kuepuka ni kutumia formoterol au dawa nyingine ya muda mrefu ya aina yake bila steroidi. Hiyo ni hatari.

Na vidonge vya salbutamol, au ile dawa yake ya maji? Bado vinauzwa, na ni rahisi. Lakini hupita tumboni na kwenye damu kwanza, huchelewa, na hutetemesha mikono na kuenda moyo mbio zaidi ya inhela. Dawa za maji za kikohozi hazitibu pumu hata kidogo. Antibiotiki nazo haziwezi kuondoa uvimbe wa pumu.

Dawa ikifika midomoni tu

Kabla ya kusema dawa imeshindwa, tazama inavyovutwa. Wagonjwa wengi hubonyeza inhela huku wakivuta hewa haraka, au hubonyeza kabla ya kuvuta. Dawa hugonga koo na kubaki hapo. Njia sahihi ni kuitikisa inhela, kutoa pumzi yote polepole, kuibana kwa midomo, kisha kuanza kuvuta hewa taratibu na hapohapo kubonyeza mara moja. Endelea kuvuta mpaka kifua kijae, zuia pumzi kwa sekunde 10, halafu toa. Subiri nusu dakika kabla ya mbonyezo wa pili. (Inhela za unga ni tofauti, hizo huvutwa kwa nguvu na haraka.)

Watoto hawawezi kupatanisha hayo yote, na watu wazima wengi pia hawawezi. Msaada wao ni spesa, chupa inayowekwa kati ya inhela na mdomo. Dawa hutulia ndani yake, mtoto akapumua kawaida mara 5 au 6 kwa kila mbonyezo. Asiyeweza kununua spesa asikate tamaa. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitako na kubanwa vizuri ili mdomo wa inhela uingie bila kuvuja, iliwasaidia watoto waliobanwa na pumu sawa na spesa ya kununuliwa. Mwombe mhudumu wa zahanati akuonyeshe inavyotengenezwa. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuipangusa kwa kitambaa.

Inhela yenyewe inaweza kukukohoza kidogo mara tu unapoivuta, na ile ya steroidi inaweza kukwaruza sauti au kuleta utando mweupe mdomoni. Spesa hupunguza hayo. Baada ya steroidi, sukutua kinywa kwa maji na uteme.

Kama bado anakohoa

Ikiwa dawa ya kuzuia imetumika kila siku kwa wiki 4 au zaidi, inavutwa vizuri, na kikohozi cha uwanjani hakijabadilika, rudi hospitalini. Pengine si pumu. Hewa kavu inaweza kukwaruza koo na njia za hewa na kumkohoza mkimbiaji bila njia hizo kuwa nyembamba, na kikohozi cha namna hiyo hakisikii salbutamol. Wapo ambao koo lao hujibana wakikimbia kwa kasi. Hao hutoa sauti wakati wa kuvuta hewa ndani, tofauti na pumu ambayo mara nyingi husikika hewa ikitoka. Asidi ya tumbo inayopanda kooni nayo hukohoza. Na kikohozi kilichozidi wiki mbili, chenye jasho la usiku au kupungua uzito, kipimwe kifua kikuu; upimaji na matibabu ya TB katika hospitali za umma ni bure.

Njia ya kujua si kukisia. Mhudumu anaweza kupima nguvu ya pumzi kwa kifaa kidogo cha kupuliza, akamkimbiza mtoto kwa dakika 6 hadi 8, kisha akapima tena mara kadhaa. Pumzi ikishuka kiasi cha kutosha baada ya mbio, hapo pumu imejionyesha.

Kwa wanaokimbia kwa riziki

Katika kaunti hii, swali la pumu na mbio si la watoto peke yao. Wapo vijana wanaoficha kikohozi wakiogopa kuachwa nje ya kambi, na wengine wanaoogopa inhela kwa sababu ya vipimo vya dawa zilizopigwa marufuku. Salbutamol ya kuvuta inaruhusiwa na WADA kwa kiwango kisichozidi maikrogramu 1,600 kwa saa 24, na si zaidi ya 600 katika saa 8 zozote. Mbonyezo mmoja wa kawaida ni maikrogramu 100, kwa hiyo mibonyezo 2 kabla ya mazoezi iko mbali na mpaka huo. Steroidi za kuvuta kwa dozi za kawaida pia zinaruhusiwa. Vidonge na dawa ya maji ya salbutamol haviruhusiwi wakati wowote, vidonge vya steroidi haviruhusiwi wakati wa mashindano, na baadhi ya dawa za kikohozi za dukani zina vichangamshi vilivyokatazwa wakati wa mashindano. Mwanariadha aliyekwepa inhela na kunywa dawa ya chupa amekimbia mvua akajificha kwenye mto. Kabla ya kumeza chochote, mweleze daktari kwamba unashindana, na uulize ADAK.

Pumu haikumzuia Mwingereza Paula Radcliffe, aliyetumia inhela tangu ujana, kukimbia marathoni ya London mwaka 2003 kwa saa 2:15:25. Rekodi hiyo ilidumu miaka 16 mpaka Brigid Kosgei, wa kaunti jirani ya Elgeyo Marakwet, alipoivunja Chicago mwaka 2019.

Kwa hiyo mzazi asimwondoe mtoto kwenye michezo, na mwalimu asimgeuze mshika makoti. Mazoezi yana faida kwa mwenye pumu. Apashe mwili joto kwa dakika 10 hadi 15 kabla ya mbio, kwa kukimbia taratibu na kuongeza kasi kwa vipande vifupi. Kwa baadhi ya watu jambo hilo peke yake hupunguza kikohozi kwa saa moja au mbili zinazofuata. Asubuhi ya baridi ajifunike pua na mdomo kwa skafu au leso. Na inhela yake ya bluu iwe karibu na uwanja, mahali anapoweza kuifikia, si katika ofisi iliyofungwa na mwenye ufunguo ameenda sokoni.

Hatari

Mtu asiyeweza kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, ambaye ngozi kati ya mbavu inaingia ndani anapovuta hewa, ambaye ulimi au ndani ya midomo imebadilika kuwa ya kijivu au bluu, au ambaye inhela ya bluu haimpi nafuu, apelekwe hospitali mara moja. Mkaze aketi wima, msimlaze. Kwa mtu mzima au mtoto wa miaka 6 na zaidi, mpe mibonyezo 4 ya inhela ya bluu kupitia spesa, mmoja mmoja, na mrudie kila dakika 20 mkiwa njiani. Msisubiri kuona kama itaisha. Kikohozi kikikoma ghafla huku mtu akizidi kulegea na kusinzia, hiyo si nafuu.

Pa kuanzia

Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, au umweleze mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako akuelekeze. Chini ya Sheria ya Afya ya Msingi ya 2023, huduma katika ngazi hizo hulipiwa na serikali kwa aliyesajiliwa na SHA; kama bado hujajisajili, piga *147#. Tusifichane: inhela ya kuzuia haipatikani kila siku katika kila zahanati. Ukiambiwa imekwisha, usiondoke na ile ya bluu peke yake ukadhani umetibiwa. Uliza itafika lini, na uombe barua ya kwenda hospitali ya kaunti ndogo.

Ukienda, beba inhela zote ulizo nazo, hata zilizokwisha, pamoja na karatasi uliyoandika siku ambazo mtoto alikohoa, alikuwa akifanya nini, na kilichukua muda gani kutulia. Kisha mwombe mhudumu amtazame mtoto akivuta dawa, kuanzia kutikisa inhela mpaka kusukutua.